Umeme Mdogo wa Masasi na Newala Unapimika

Ikifika saa moja jioni, katika mitaa mingi ya Newala na Masasi taa hupungua mwanga bila mtu kugusa swichi. Feni inazunguka kwa uvivu, friji inanguruma bila kugandisha, na mama anayepiga pasi sare za shule za kesho anarudia shati lile lile mara ya tatu. Umeme haujakatika. Hali hiyo ina jina lake, umeme mdogo, na kila mtu analijua, kuanzia muuza vinywaji baridi wa stendi hadi fundi wa kuchomelea mageti.

Malalamiko juu ya umeme mdogo ni ya haki, tena ni ya siku nyingi. Mikoa ya Mtwara na Lindi ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo yake yenyewe, na wilaya za ndani kama Newala na Masasi zikapokea kile kilichobaki baada ya safari ndefu ya waya. Lakini malalamiko yenyewe yana pengo moja: hayana namba. Mkutano wa kijiji ukifika kwenye ajenda ya umeme, mwananchi husimama akasema umeme ni mdogo, na mtaalamu husimama akajibu kwamba jambo linashughulikiwa. Hasemi mtu ni mdogo kiasi gani, saa ngapi, nyumba ya ngapi kutoka kwenye transfoma. Lalamiko lisilo na namba hujibiwa kwa ahadi isiyo na namba.

Namba hizo ziko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Hesabu yake inafundishwa sekondari, na vifaa vyake ni pasi, mita ya LUKU na saa ya simu. Wakazi wa Masasi na Newala wanaweza kuupima umeme wao wenyewe, na mamlaka zinazouleta umeme huo zina wajibu wa kutangaza vipimo vyake hadharani, kijiji kwa kijiji.

Hesabu yenyewe ni fupi. Volti ni msukumo, sawa na mgandamizo wa maji kwenye bomba. Ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukinzani, unaopimwa kwa omu, ni ugumu ambao waya au kifaa huuweka mbele ya umeme huo. Ukigawa volti kwa ampea unapata ukinzani. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, yaani wati. Mtu mwenye namba mbili kati ya hizo nne anaweza kuzipata mbili zilizobaki kwa kikokotoo cha simu.

Aliyeziunganisha ni mwalimu wa sekondari. Georg Simon Ohm, mtoto wa fundi makufuli wa mji wa Erlangen, Ujerumani, alikuwa akifundisha mjini Köln alipoanza kupima nyaya za urefu na unene mbalimbali, akiandika jinsi umeme unavyopungua waya unavyorefuka. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1827. Wakubwa wa elimu nchini kwake walikipokea kwa ubaridi, naye akaacha kazi. Ilichukua hadi mwaka 1841 kwa Royal Society ya London kumtunuku nishani ya Copley, na mwaka 1881 mkutano wa wataalamu mjini Paris ukaukubali ukinzani upimwe kwa kipimo chenye jina lake. Kwa msomaji wa Newala, jambo la kushika ni lile Ohm alilolianzia: urefu na unene wa waya. Humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya habari ya umeme mdogo.

Tuanze na pasi. Geuza pasi ya kawaida, utaona kibandiko: 230V, 50Hz, 1000W. Maana yake ni kwamba pasi hiyo ikipewa volti 230, ambazo ndizo zinazopaswa kufika kwenye soketi ya nyumba ya Tanzania, itatoa wati 1,000. Gawa 1,000 kwa 230, unapata ampea 4.35. Gawa 230 kwa 4.35, unapata ukinzani wa omu 53 hivi. Ukinzani huo umo ndani ya koili ya pasi na haubadiliki sana, umeme uwe mkubwa au mdogo.

Sasa volti zishuke hadi 180. Ampea zitakuwa 180 gawa kwa 53, yaani 3.4. Nguvu itakuwa 180 mara 3.4, yaani wati 612. Hapa ndipo wengi hushtuka. Volti zimepungua kwa asilimia 22 tu, lakini joto la pasi limepungua kwa karibu asilimia 39. Sababu ni kwamba volti zikishuka, ampea nazo zinashuka, na nguvu hupigwa mara mbili. Yule mama anayerudia shati mara ya tatu hana pasi mbovu.

Atajuaje kwamba ni volti 180 na si 200? Akiwa na multimita, atachomeka nyaya zake mbili kwenye soketi na kusoma, ingawa kazi hiyo ni afadhali aifanye fundi. Asiye na multimita ana mita ya LUKU. Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachomweka, na karibu yake pameandikwa namba yenye alama imp/kWh. Ikiwa namba hiyo ni 1000, kila uniti moja, yaani kWh moja, ni mimweko 1,000. Zima kila kitu nyumbani, chomeka pasi peke yake, isubiri ikiwa bado inapasha moto, kisha hesabu mimweko 10 ukitazama saa ya simu. Pasi ya wati 1,000 ikipewa umeme kamili itamaliza mimweko 10 kwa sekunde 36. Ikichukua sekunde 59, nguvu inayoingia ni wati 610. Zidisha 610 kwa omu 53, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, utapata volti 180 kasoro kidogo.

Kazi nzima haifiki dakika tano, na kijana wa sekondari aliyekaa na mama yake sebuleni anaiweza. Ukiwa na daftari lenye tarehe, saa na volti kwa mwezi mmoja, kutoka nyumba ishirini za kijiji kimoja, mkutano wa kijiji unakuwa mkutano wa aina nyingine.

Kuna imani inayozunguka sana kwamba umeme mdogo unakula uniti. Kwa vifaa vya joto, imani hiyo haisimami. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kunahitaji nishati ile ile, kama uniti 0.13, umeme uwe mkubwa au mdogo. Birika la wati 2,000 litachukua dakika nne kwa volti 230 na zaidi ya dakika sita kwa volti 180. Kinachopotea ni muda, na chembe ya joto linalotoroka wakati wa kusubiri. LUKU inahesabu kile kinachoingia ndani ya nyumba, basi.

Hasara ya kweli iko kwenye mota. Friji, pampu ya maji na mashine ya kusaga havifanyi kama pasi. Mota inatakiwa iuzungushe mzigo wake, kwa hiyo volti zikishuka inajaribu kufidia kwa kuvuta ampea nyingi zaidi. Na joto ndani ya koili zake hupanda kwa kipeo cha pili cha ampea: ampea zikiongezeka kwa asilimia 18, joto linaongezeka kwa asilimia 39 hivi. Hali ni mbaya zaidi pale friji inaposhindwa kabisa kuanza kuzunguka. Inanguruma, inavuta umeme mwingi bila kufanya kazi, na ikikosa kinga inaungua. Mwenye friji huipeleka kwa fundi, hulipa, na wiki mbili baadaye hali inajirudia.

"Shikamoo mama. Kompresa imekufa tena."

"Marahaba mwanangu. Si juzi tu uliibadilisha?"

Mazungumzo ya namna hiyo husikika kwenye karakana za friji msimu wa korosho unapoisha, wakati watu wamelipwa fedha zao na wamenunua vifaa vipya, nao umeme wa kuviendesha ni ule ule wa mwaka jana. Fundi si mwizi, friji si feki. Volti za jioni hazikupimwa.

Kwa nini volti zinashuka? Jibu linaanzia Mtwara mjini. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2007 imekuwa ikiendesha kituo cha umeme mjini Mtwara, ambacho mitambo yake ya awali ilikuwa na jumla ya megawati 18. Kutoka hapo hadi Masasi ni takriban kilomita 200 kwa barabara ya Mingoyo. Kwa barabara ya Tandahimba na Newala ni kilomita 210. Kwa miaka mingi umeme ulipita umbali huo kwenye laini za msongo wa kilovolti 33, msongo ambao kazi yake ni kusambaza umeme kuzunguka mji na vijiji vyake. Kuuvusha mkoa mzima ni kazi ya msongo mkubwa zaidi.

Hesabu inaonyesha ni kwa nini. Chukua, kwa mfano tu, waya wa alumini wenye unene wa milimita za mraba 100. Kwa kilomita 200, kila waya mmoja una ukinzani wa omu 55 hivi. Ukipeleka megawati 3 kwa kilovolti 33, kila moja ya nyaya tatu itabeba ampea 52 na nusu. Nguvu inayopotea njiani kama joto ni ampea mara ampea mara omu, mara nyaya tatu: kilowati 450. Kati ya kila shilingi mia ya umeme uliofuliwa, shilingi kumi na tano zimepasha moto hewa ya pori. Na volti nazo zimeshuka kwa kiasi hicho hicho.

Ongeza mzigo mara mbili, megawati 6 badala ya 3. Hasara haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne, kilowati 1,800. Hili ndilo jambo ambalo viongozi wanapaswa kulikariri. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, vijiji vimeunganishwa kimoja baada ya kingine, na ada ya shilingi 27,000 imewafungulia mlango watu ambao wasingeweza kulipa mamia ya maelfu. Ni kazi njema ambayo haipaswi kubezwa. Lakini kila kijiji kipya kinachoning'inizwa kwenye laini ile ile nyembamba na ndefu kinawapunguzia volti waliotangulia, na chenyewe kinapokea pungufu kuliko wote.

Sasa peleka zile megawati 3 za kwanza kwa kilovolti 132. Ampea zinashuka hadi 13, na hasara inakuwa moja ya kumi na sita: kilowati 28. Kwa kilovolti 220 hasara haizidi kilowati 10 au 11. Waya ni ule ule, umbali ule ule. Hii ndiyo sababu ya kujengwa kwa laini ya kilovolti 132 kati ya Mtwara na Mahumbika mkoani Lindi, na ndiyo sababu mradi wa kuleta kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi una uzito kuliko mitambo mingi mipya. Songea yenyewe iliunganishwa na gridi kwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lina uwezo mkubwa kuliko kituo chochote cha umeme kilichotangulia nchini, lakini megawati hizo hazina faida kwa saluni ya Masasi kama njia ya kuzifikisha ni bomba jembamba.

Mwaka 2013 Mtwara iliwaka kwa ajili ya gesi. Watu waliandamana kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, mali iliharibiwa na damu ikamwagika. Mwaka 2015 bomba hilo, lenye zaidi ya kilomita 500, likazinduliwa. Madai ya wananchi juu ya ajira na mapato yalikuwa na msingi, na majibu waliyopewa wakati ule hayakuwatosheleza. Lakini kwa upande wa umeme, swali la nani anachoma gesi wapi lilifunika swali kubwa zaidi. Hata kama kila futi ya ujazo ya gesi ingebaki Mtwara, Newala na Masasi zingeendelea kuupokea umeme kupitia kilomita zile zile za kilovolti 33. Madai ambayo yangewafaa watu wa wilaya za ndani ni waya: msongo mkubwa zaidi, vituo vya kupozea umeme vilivyo karibu, transfoma zaidi.

Hesabu ileile inarudi kijijini kwa kipimo kidogo. Kutoka kwenye transfoma hadi nyumba ya mwisho inaweza kuwa mita 800. Waya wa alumini wa milimita za mraba 50, kwenda na kurudi, unafikisha ukinzani wa omu 1. Nyumba za mwisho wa laini zikivuta kwa pamoja ampea 40, volti 40 zinabaki kwenye nguzo, na soketi ya nyumba ya mwisho inapata 190. Ukiongeza unene wa waya mara mbili, inapata 210. Ukisogeza transfoma katikati ya kijiji, inapata zaidi. Haya ni maamuzi ya mchoraji wa mradi, na yanagharimu fedha, ila ni fedha inayohesabika.

Suala hili litakuwa kali zaidi miaka inayokuja. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Moshi wa kuni umewaumiza macho na vifua vya kina mama wa uwanda wa Makonde vizazi na vizazi. Lakini transfoma ya kijiji yenye uwezo wa kilovolti-ampea 50 inabeba majiko 50 ya wati 1,000 na hakuna taa hata moja juu yake. Kijiji chenye nyumba 200 kikiwasha majiko saa moja jioni, fyuzi itakatika. Na mwenye jiko ana hesabu yake pia. Jiko la koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili kwa siku ni uniti 60 kwa mwezi. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mtumiaji mdogo anayebaki ndani ya uniti 75 analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akihamishiwa kundi la kawaida analipa 292. Taa, TV na friji vikiongezwa juu ya zile 60, mama huyo ametoka kwenye bei ya wanyonge kwa sababu amefanya kile ambacho serikali imemhimiza afanye. Kikomo cha uniti 75 kinapaswa kuangaliwa upya, la sivyo mkakati utakwamia jikoni. Jiko la presha la umeme lina nafuu, kwa kuwa halivuti wati zake muda wote, na maharage yake yanaiva kwa sehemu ndogo ya uniti.

Maji nayo yamo humu humu. Masasi imekaa chini, kati ya milima yake ya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo mtu akisimama Shimo la Mungu anaona bonde la Ruvuma hadi Msumbiji. Udongo wa juu ule hunywa mvua yote na kuishusha chini sana, kwa hiyo chemchemi ziko bondeni na watu wako juu. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na juhudi za kuyapandisha maji kwa mashine, na leo visima vya Mitema ndivyo tegemeo kubwa la Newala na Tandahimba. Kunyanyua lita 1,000 za maji, yaani ndoo 50, kwa kila mita 100 za kimo kunahitaji uniti 0.27, na pampu yenye ufanisi wa asilimia 60 inakula 0.45. Mita 300 za kupanda ni karibu uniti moja na theluthi kwa ndoo hizo 50. Volti zikishuka, kinga ya pampu inaizima, na mji mzima unangoja. Mama anayenunua ndoo Newala anauziwa umeme ndani ya maji, na umeme mdogo ni ndoo chache.

Kuna upande mwingine wa ukinzani ambao hauzungumzwi, nao unaweza kuua. Kila nyumba iliyowekwa umeme inatakiwa kuwa na waya wa athi ulioshikizwa kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Kazi yake ni kwamba mwili wa friji au pasi ukiguswa na umeme, umeme huo ukimbilie ardhini kwa wingi kiasi cha kuikatisha breka. Kwenye udongo wenye unyevu mpango huo unafanya kazi. Kwenye mchanga mkavu wa uwanda, hasa kati ya Julai na Oktoba, chuma cha mita moja na nusu kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 300 kuelekea ardhini. Gawa 230 kwa 300: ampea 0.77. Breka ya ampea 32 haitasikia chochote. Friji itaendelea kuwa na umeme mwilini, na mtoto mwenye mikono mibichi, ambaye mwili wake unaweza kushuka hadi omu 1,000, akiigusa huku amesimama pekupeku atapitiwa na ampea 0.23. Kifaa cha kuzuia ajali hizo, kile kinachokata umeme mara unapovuja, kimepangwa kuruka kwenye ampea 0.03 tu, kwa sababu zaidi ya hapo moyo uko hatarini.

Kwa hiyo nyumba ya Newala inayokaguliwa kwa kutazamwa tu kwamba waya wa athi upo haijakaguliwa. Ukinzani wa athi unapimwa kwa mashine, kiangazi, na namba inaandikwa kwenye cheti. Ikiwa ardhi haikubali, vyuma viongezwe, vichimbiwe zaidi, na kifaa cha kukata umeme unaovuja kiwe cha lazima. Katika mambo yote ya makala haya, hili ndilo lisilostahili kusubiri mradi wa laini kubwa.

Hata asiyeunganishwa na nguzo anahusika. Wenye sola za volti 12 hushangaa taa ya chumba cha mwisho inapofifia wakati betri imejaa. Mzigo wa wati 60 kwa volti 12 unavuta ampea 5; waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 10, kwenda na kurudi, una omu 0.24, volti 1.2 zinabaki njiani, moja ya kumi ya zote. Waya mnene zaidi unatibu hilo kwa bei ndogo kuliko paneli ya pili ambayo muuzaji angependa kuuza. Fundi wa kuchomelea anayevuta ampea 20 kwa ekstensheni ya mita 30 ya waya huo huo anapoteza volti 14 na kuugeuza kuwa hita ya wati 290. Akiuacha umeviringishwa, plastiki inayeyuka.

Mwanafunzi wa Masasi anaulizwa kwenye mtihani ukinzani wa kondakta yenye volti 12 na ampea 3. Anaandika 4, anapata alama, anarudi nyumbani kwenye taa inayofifia, na hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja. Walimu wa fizikia wa sekondari za Ndanda na Chidya, na wa shule za kata za Newala, wana maabara tayari katika kila nyumba yenye LUKU. Zoezi la mimweko ya mita linaweza kuwa kazi ya nyumbani ya muhula mmoja, na matokeo yake yakachorwa kwenye ramani ya kata. Vyuo vya ufundi navyo vimfundishe kijana kuandika volti alizozikuta kabla hajafungua friji ya mteja, kama muuguzi anavyoandika joto la mgonjwa kabla ya daktari kuitwa.

Upande wa shirika la umeme, TANESCO, na EWURA, kinachodaiwa hakihitaji bajeti mpya. Mafundi wa shirika hubeba vipimo vya volti kila siku ya kazi. Kipimo kimoja kwa wiki kichukuliwe kwenye nyumba ya mwisho ya kila laini ya kijiji, kati ya saa moja na saa tatu usiku, kiandikwe na kibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya kijiji. Vijiji vilivyo mbali na makao ya wilaya ndivyo vitangulie, upande wa Newala na upande wa Masasi. Laini ya kilovolti 220 itakapowashwa Masasi, vipimo vya mwezi uliotangulia viwekwe kando ya vipimo vya mwezi unaofuata, ili kila mwenye friji aone mwenyewe ni nyumba zipi zimepata volti 230 na zipi bado zinangoja transfoma.